Kifuniko cha Pikapu: Upepo wa Kolwezi, Vumbi la Kamina

Muuzaji wa vipuri vya magari Lubumbashi hana haja ya maneno mengi. Anakunjua kifuniko cha aluminiamu juu ya bodi ya Hilux iliyoegeshwa mbele ya duka, anafunga kufuli zake, anazifungua tena, kisha anamaliza: "Papa, na mafuta itapunguka." Wewe uliyetoka Kamina, unayejua bidoni la mazuti, yaani dizeli, linauzwaje kwa Kadhafi, muuza mafuta wa kando ya barabara, siku ambayo pampu zimekauka, neno hilo linakuingia kuliko kufuli na kuliko urembo wa kile kifuniko. Mkono unaanza kutafuta pochi.

Kabla haujaifikia, tufanye hesabu. Kifuniko cha pikapu kina faida zake, na nitazieleza. Lakini ile ya mafuta ndiyo ndogo kuliko zote, na kwa gari linalofanya kazi kati ya Kamina, Kaniama, Kabongo, Bukama na Malemba-Nkulu, ni ndogo kiasi kwamba huwezi hata kuipima. Anayenunua kifuniko ili kuokoa mafuta katika mkoa wetu wa Haut-Lomami ananunua kitu kizuri kwa sababu isiyo yake, na mara nyingi anaishia kuchagua aina isiyomfaa.

Siwalaumu wanaomsikiliza muuzaji. Mazuti yetu hayatoki karibu. Kusini mwa nchi hulishwa kupitia Kasumbalesa na Lubumbashi, na kutoka huko njia yetu kuu ni reli ya SNCC, shirika la reli la taifa, ile iliyojengwa enzi za kampuni ya BCK, inayofika Kamina na kugawanyika: mkono mmoja unaelekea Kananga na Ilebo, mwingine Kabalo hadi Kalemie. Reli hiyo imechoka. Novemba 2017 treni ya mizigo iliyobeba mafuta, ikitoka Lubumbashi kwenda Luena, ilianguka bondeni karibu na Lubudi na kuwaka moto. Watu zaidi ya 30 walikufa. Treni zikichelewa, malori hujaribu barabara ya udongo, na kila siku ya kukwama kwenye tope huongezwa juu ya bei ya lita. Kwa hiyo mtu wa Kamina anayehesabu lita zake hafanyi ubahili. Swali ni zinaishia wapi.

Gari linapotembea linapambana na vitu viwili: hewa iliyo mbele yake na ardhi iliyo chini ya matairi. Hewa ina tabia yake. Ukiongeza mwendo mara mbili, ukinzani wake unaongezeka mara nne. Ardhi haijali sana mwendo. Inajali uzito wa gari, upepo uliomo kwenye matairi, na kama unapita lami, udongo mkavu, mchanga au tope.

Chukua Hilux ya kabini mbili yenye mzigo wa wastani, uzito wake wote tani mbili na nusu. Kwa vipimo vya kawaida vya gari la aina hiyo, kwenye lami, kwa kilomita 100 kwa saa, hewa inalivuta nyuma kwa nguvu ya kama kilo 45, na matairi kwa kama kilo 30. Hapo hewa ndiyo adui mkubwa. Inakula zaidi ya nusu ya kazi ya injini. Sasa lipeleke gari hilohilo kwenye udongo mkavu kwa kilomita 40 kwa saa, mwendo ambao wengi wetu tunaona ni bahati kuupata. Hewa inabaki na kilo 7 tu. Ardhi imepanda hadi kilo 75 au zaidi. Ukiingia kwenye mchanga mzito na kushuka hadi kilomita 20 kwa saa, ardhi inaweza kupita kilo 200, na hewa haifiki hata kilo 2. Na Kamina tumekaa juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo hewa yetu ni nyepesi kidogo kuliko ya Matadi. Hata hilo linampunguzia muuzaji hoja.

Kifuniko hakigusi ardhi. Kinagusa hewa peke yake, tena sehemu tu ya hewa.

Sehemu ipi? Hewa inayopanda kioo cha mbele na kupita juu ya paa la kabini hukatika nyuma ya kabini. Ikiwa mlango wa nyuma wa bodi umefungwa, ndani ya bodi hutengenezwa kizingo cha hewa inayozunguka polepole mahali pamoja, na hewa ya juu hupita juu ya kizingo hicho kama inateleza. Unaweza kuona mwenyewe. Tupa mfuko mtupu wa plastiki kwenye bodi tupu, funga mlango wa nyuma, mwambie mwenzako aendeshe huku wewe ukiangalia kwa kioo cha nyuma. Ungetegemea mfuko ukimbilie nyuma. Badala yake utauona unatambaa chini ya bodi kuja mbele, upande wa kabini, unapanda kidogo, unarudi tena. Ni hewa inayozunguka ndiyo inayouleta.

Hapo ndipo inapoanguka imani moja ya madereva, nayo nimeikuta Kamina kama nilivyoikuta kwingine: kwamba ukishusha mlango wa nyuma, au ukiung'oa kabisa, upepo unapata njia ya kutokea na gari linakuwa jepesi. Kevin Cooper wa Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada aliyapima magari ya namna hii kwenye handaki la upepo, na mwaka 2004 alitoa andiko lake kwa chama cha wahandisi wa magari cha SAE, ambalo kichwa chake chenyewe kinamwambia dereva auache mlango wa nyuma ukiwa juu. Ukiushusha, unakivunja kile kizingo, na ukinzani unaongezeka. Ushauri huo hauna gharama hata ya franka moja. Mlango uliofungwa pia haumwagi magunia, na haufichi namba ya gari, jambo ambalo polisi wa barabarani huliona kabla ya kuona kitu kingine chochote.

Kifuniko kinafanya nini zaidi ya hapo? Kinaweka uso laini juu ya bodi, hewa inapita bila kutumbukia. Kikiwa kimekaa vizuri hupunguza ukinzani wa hewa kwa asilimia chache. Nitampa muuzaji asilimia 6, ambayo ni ukarimu. Magari mengine hayafiki hapo. Angalia vizuri: ni asilimia 6 ya ukinzani wa hewa. Si asilimia 6 ya mafuta, na wala si ile asilimia 10 ya mafuta inayopenda kuandikwa kwenye matangazo.

Kwenye lami, kwa kilomita 100 kwa saa, gari linalokunywa lita 11 kwa kilomita 100 litaokoa hapo kama theluthi moja ya lita, hali zote zikiwa nzuri. Kwenye udongo wetu, kwa 40, gari linalokunywa lita 12 litaokoa nusu ya sehemu moja ya kumi ya lita. Ni kikombe kidogo cha chai kwa kilomita 100.

Tuibadilishe iwe pesa, kwa kuwa dukani utalipa kwa dola. Tuseme kifuniko ni dola 700 na lita ya mazuti ni dola moja na nusu. Wewe weka bei zako. Mwenye kampuni ndogo anayekwenda na kurudi Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, lami tupu, kilomita 2,000 kwa mwezi, ataokoa kama lita 6, yaani dola 9. Kifuniko kitajilipa baada ya miaka sita na zaidi, na kabla ya hapo mipira ya pembeni itakuwa imeshakauka kwa jua. Mwenzake wa Kamina anayetembea kilomita 1,000 kwa mwezi kwenye udongo ataokoa nusu lita. Senti 75. Ili arudishe dola 700 anahitaji zaidi ya miaka 70, na hakuna Hilux ya umri huo.

Hesabu hiyo bado haijataja uzito. Kifuniko laini cha turubai la plastiki kwenye fremu nyepesi kina uzito wa kilo 15 hivi. Cha aluminiamu cha kukunja kinaweza kufika kilo 30 au 40. Kanopi ya faiba yenye madirisha inapita hapo kwa urahisi. Na kuna kile tunachokipenda kwa sababu fundi wa kuchomelea yuko jirani: bati la chuma. Bodi ya kabini mbili ina kama mita moja na nusu kwa moja na nusu. Bati la milimita 2 la ukubwa huo, peke yake, ni kilo 35. Ongeza fremu, bawaba na mikono, unakaribia 60. Bati lenye vinundu la milimita 3 linaanzia kilo 53 kabla fundi hajawasha mashine. Shirika la mazingira la Marekani huwaambia wenye magari kwamba kila kilo 45 za ziada zinaweza kuongeza matumizi ya mafuta kwa asilimia 1 hivi. Pikapu nzito haitaumia kiasi hicho chote, lakini kwenye udongo, ambako uzito ndio kila kitu, chuma hicho kitakula zaidi ya kile upepo ulichorudisha. Hivyo fundi wako anaweza kukutengenezea kifuniko kinachoongeza mafuta, nawe ukamshukuru.

Sasa tuje kwenye faida za kweli.

Ya kwanza ni mvua. Kuanzia Oktoba hadi Aprili, mahindi yanayotoka Kaniama na Kabongo hayana mahali pa kujificha. Gunia likilowa upande mmoja tu, unga wake hautakuwa wa bukari. Litaota ukungu, na mnunuzi akitia mkono ndani na kuusikia ujoto atakupunguzia bei ya magunia yote, si ya lile moja. Samaki wakavu wa Bukama na wa maziwa ya Upemba ni vivyo hivyo, wakinyonya maji wanarudi kunuka na wadudu wanaingia. Saruji ndiyo mbaya kuliko yote, kwa sababu haina bei ya hasara: ikigeuka jiwe imekwisha. Gunia moja lililookolewa linaizidi mbali ile nusu lita ya kila mwezi.

Ya pili ni mikono ya watu. Gari likilala njiani kwa sababu lori limefunga njia, au likisubiri usiku kucha karibu na gari-moshi, kifuniko chenye kufuli humfanya mwizi achague gari jingine. Hakimzuii aliyedhamiria; turubai hukatwa kwa wembe. Kwa mwenye kubeba vifaa vya kazi, dawa au bidhaa ndogo za thamani, hapa ndipo dola 700 zinapoanza kueleweka.

Ya tatu ni kwamba watu hawapandi juu. Nasema hili nikijua litaniletea maneno, maana nauli za njiani zinamlipa dereva chakula. Lakini mtu aliyeketi juu ya magunia, juu kuliko paa la kabini, ndiye anayerushwa kwanza gari likiinama kwenye korongo.

Upande wa pili wa mizani kuna kimo cha mzigo, na hapa wanunuzi wengi hawafikirii mpaka wameshalipa. Kifuniko kigumu kinakaa juu ya kingo za bodi. Chini yake una nafasi ya nusu mita hivi. Magunia yaliyosimama hayaingii. Mzigo mrefu hauingii. Baiskeli, kitanda, pipa, mbuzi aliyepewa kama mahari, vyote vinabaki nje. Ukibeba magunia manane badala ya kumi kwa sababu ya kifuniko, matumizi kwa kilomita yanapungua kidogo, na dereva atakuja kukusifia. Wewe usihesabu kwa kilomita. Hesabu lita kwa gunia. Tuseme gari lenye magunia kumi linakunywa lita 13 na nusu kwa kilomita 100, na lenye manane linakunywa 13. La kwanza limetumia lita 1.35 kwa kila gunia, la pili zaidi ya 1.6. Gari lililoonekana kuokoa ndilo lililopoteza, na yale magunia mawili yaliyobaki yatadai safari nyingine.

Kwa upande mwingine, magunia yaliyopandishwa juu ya paa la kabini yanaongeza kile kifua ambacho gari linakisukumia hewa. Kwenye lami hili si jambo dogo: takwimu za Marekani kuhusu sanduku kubwa la juu ya paa zinataja umbali unaopatikana kwa kila lita kupungua kwa asilimia 6 hadi 17 kwenye barabara kuu. Kama unatoka Kolwezi kwenda Lubumbashi, panga mzigo usipite paa la kabini, na ile galeri tupu uliyoisahau juu ya gari tangu mwaka juzi, iondoe. Kuiondoa kutakuokolea pengine kuliko kifuniko, na ni kazi ya spana moja.

Kwa kazi nyingi za Kamina, basi, ushauri wangu ni turubai zito, lile la malori, ambalo wengi tunaliita bashi. Linafunika mzigo wa kimo chochote, linakunjwa na kutiwa nyuma ya kiti, likichanika linashonwa palepale sokoni. Lakini lifungwe kama linavyostahili. Turubai linalopigapiga kwa upepo linaivuta hewa na kujichana lenyewe. Kabla ya kufika litakuwa limekatika kwenye kila tundu la kamba. Kamba za katani zinalegea zikilowa na kukauka. Vipande vya mpira wa tubu kuukuu vinashika vizuri zaidi, kwa kuwa vinavutika pamoja na mtikisiko wa gari. Anza kufunga mbele, ukingo wa mbele uingie chini ya mzigo au uzibwe kabisa nyuma ya kabini, ili hewa isipate mdomo wa kuingilia. Halafu weka mti wa kati. Turubai lililolala bapa juu ya bodi hukusanya maji: sentimita moja tu ya maji kwenye eneo la mita moja na nusu kwa moja na nusu ni lita 22, na mvua ya Januari haiishii sentimita moja. Fito moja iliyopindwa katikati, iwe ya chuma chepesi au ya mti, inayapeleka maji pembeni.

Ukitaka kifuniko kigumu kwa sababu ya kufuli, chukua aluminiamu au faiba, kinachofunguka chote na kutoka kwa dakika chache bila fundi. Siku ya mzigo mrefu ukiache nyumbani. Kifuniko kisichotoka kinageuza pikapu kuwa gari dogo lenye buti kubwa, na kwa huyo anayetaka buti kubwa kuna magari mengine.

Vumbi lina habari yake, na muuzaji wa mjini hatakuambia kwa sababu hajaliona la kwetu. Kuanzia Mei hadi Septemba, gari lenye kifuniko kizuri, kilichofungwa barabara, linafika na mzigo mwekundu kuliko lililoachwa wazi. Watu hushangaa, lakini sababu yake ni ileile hewa. Nyuma ya gari linalotembea kuna upungufu wa hewa. Ndiyo maana vumbi hukufuata na kujipaka kwenye mlango wa nyuma badala ya kubaki barabarani. Bodi iliyofunikwa juu ina nyufa pembeni mwa mlango wa nyuma na chini ya bawaba zake, na hapo vumbi linanyonywa kuingia ndani, halina pa kutokea. Ukifungua unakuta limelala juu ya kila kitu, laini kama unga, limekolea zaidi kwenye kona mbili za nyuma. Angalia kona hizo kwanza, zitakuonyesha linapoingilia.

Dawa yake ni sehemu mbili. Ziba mlango wa nyuma kwa mpira wa mlango wa gari, ule wenye tundu katikati. Fundi wa magari mabovu atakukatia mita tatu au nne kutoka gari lililokufa. Ziba pia pale mlango unapokutana na sakafu ya bodi, ambapo wengi husahau kwa sababu hapaonekani mlango ukiwa umefungwa. Kisha, kama kifuniko ni kigumu au ni kanopi, acha tundu dogo lenye kichujio upande wa mbele juu, mahali ambapo hewa ni safi zaidi, ili hewa iingie hapo na kuisukuma ile ya ndani itoke kwa nyuma. Bodi yenye hewa inayosukuma nje hainyonyi vumbi. Mvua zikianza, tundu hilo lifunikwe.

Baada ya yote haya bado yuko atakayesema: mimi niliweka kifuniko, na mafuta yalipungua, niliona kwa macho. Simwiti mwongo. Namwuliza alipima vipi. Bidoni la njano linaloitwa la lita 20 likijazwa mpaka shingoni hubeba zaidi ya 20, na Kadhafi mmoja hujaza mpaka shingoni, mwingine anaishia mabegani. Mazuti nayo hupanuka kwa joto, karibu asilimia 0.8 kwa kila nyuzi 10. Ukijaza asubuhi ya Julai yenye baridi na ukajaza tena saa nane mchana, tofauti hiyo peke yake inapita kile kifuniko kinachoweza kuokoa kwenye udongo. Kisha safari moja ulikuwa na magunia sita, nyingine tisa. Moja ulikuta njia imekauka, nyingine ulisukumwa na watu kutoka kwenye shimo. Katika kelele zote hizo, nusu ya sehemu moja ya kumi ya lita haisikiki.

Ukitaka kupima kweli, tumia chombo kimoja cha kipimo, jaza tangi mpaka ukingoni gari likiwa mahali tambarare palepale, wakati uleule wa siku, andika namba ya kilomita. Nenda na urudi njia ileile, ili mteremko na upepo vijifute. Jaza tena mpaka ukingoni, zidisha lita kwa 100, gawanya kwa kilomita. Fanya bila kifuniko, fanya nacho, kisha rudia mara kadhaa kwa kupokezana, mzigo ukiwa uleule. Andika kwenye daftari la gari. Hata kama hutapata jibu la kifuniko, daftari hilo litakuonyesha siku gari lilipoanza kunywa kupita kiasi, na hiyo ni habari yenye thamani.

Maana mafuta yanayopotea Kamina yanapotelea kwingine. Yanapotelea kwenye matairi: dereva anapunguza upepo ili avuke mchanga, jambo la busara kabisa, halafu anasahau kuurudisha, na gari linatembea siku tatu kwenye udongo mgumu likiwa na matairi yaliyokaa bapa. Wamarekani hao hao wa mazingira wanakadiria hasara ya asilimia 0.2 kwa kila psi moja inayopungua kwenye matairi yote. Ukipungukiwa psi 10 ni asilimia 2, na tairi lenyewe linaungua mbavu. Geji ya upepo na pampu ya mguu ni bei ya bidoni chache.

Yanapotelea kwenye injini inayonguruma gari likiwa limesimama. Dizeli ya pikapu ikinguruma bila kwenda popote hunywa kati ya nusu lita na lita moja kwa saa. Dereva anayesubiri mkubwa wake nje ya ofisi kwa dakika kumi na tano, injini ikiwaka ili redio isikate, amemaliza mafuta ambayo kifuniko kingeyaokoa kwa zaidi ya kilomita 200 za udongo. Yanapotelea kwenye magurudumu manne yaliyoachwa yakivuta barabara ikiwa imeshakauka, kwenye breki inayoshika kidogo na kulipasha gurudumu moja moto kuliko mengine, kwenye vyuma vya mbele vilivyochomelewa kwa ajili ya sura. Kila kimoja kati ya hivi kinauzidi upepo wa juu ya bodi.

Nawasihi hasa wenye magari ambao hawaendeshi wenyewe, na ni wengi, maana gari la Kamina mara nyingi lina mwenyewe aliyeko Lubumbashi: usimnunulie dereva kifuniko kisha ukampunguzia posho ya mazuti kwa asilimia aliyokutajia muuzaji. Atayatafuta mafuta hayo kwingine, au atabeba abiria juu ya kifuniko chako kipya mpaka kipinde.

Na siku ya kununua, usikubali kuonyeshwa kwenye gari la dukani. Lete lako. Kifungwe juu yake, mlango wa nyuma ufungwe, uweke gazeti kavu ndani kwenye kona mbili za nyuma, kisha uombe ndoo mbili za maji zimwagwe juu. Gazeti likilowa, mwambie muuzaji akitoe, na uende zako na pesa zako.